Kujaribu Gitaa la Mzee Castory

Brighton alikuwa na masharti yake, na aliyarudia tangu wanatoka Makole hadi wanakata kona ya kuingia Nzuguni. Usilisifu. Usilishike kwa mikono miwili kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga. Akitaja bei, guna. Na usitamke kamwe kwamba Dodoma nzima hakuna jingine.

"Nimekuelewa," Evelina alisema.

"Hujanielewa. Uso wako umeshalipa tangu jana."

Kirikuu walichopanda, kigari kidogo cha mizigo, kilikuwa cha mjomba wake Brighton, na nyuma kulikuwa na godoro kuukuu la kulilazia gitaa. Brighton alikuwa mpiga kinanda wa kwaya. Evelina alipiga gitaa la pili, kazi ambayo watu huigundua siku usipokuja. Mwezi uliofuata kwaya ilikuwa inarekodi, na mwalimu Ebenezer alishatamka mbele ya wote kwamba Evelina akilipata lile gitaa alilokuwa akiwaonyesha kwenye simu, yeye ndiye atakayeongoza nyimbo zote. Akilikosa, gitaa la pili lipo palepale.

Gitaa lenyewe ni la pedeli. Halipakatwi wala halivaliwi begani. Linasimama kwa miguu minne kama meza nyembamba, mpigaji anakaa nyuma yake. Mkono wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, wa kulia unazidonoa, na chini kuna pedeli za kukanyaga na vyuma vya kusukuma kwa magoti. Ukikanyaga, uzi unavutika na sauti inapanda kama ya mtu anayelia huku anajizuia. Evelina alilisikia mara ya kwanza ofisini, kwenye video ya simu, faili limefunguka mbele yake, na tangu siku hiyo hakuna gitaa lililomtosha. Kuagiza jipya kutoka nje kulihitaji bei ya kiwanja. Kwa hiyo tangazo la gitaa la kukanyaga, zima, Nzuguni, lilipomfikia kwenye simu, aliomba ruhusa kazini akaondoka na sketi yake ya ofisi.

Sketi hiyo ndiyo iliyoleta tatizo la kwanza.

"Kaa, mwanangu," alisema Mama Paskazia, mke wa mwenye gitaa, baada ya shikamoo na marahaba na maswali ya safari. Gitaa lilishaunganishwa sebuleni, kati ya kabati la vyombo na dirisha. Evelina alikaa kwenye stuli, akasogeza magoti kuelekea vile vyuma, na sketi ikamkatalia.

Mama Paskazia alimtazama, akaingia chumbani, akarudi na kanga. "Vua hiyo, jifunge hii. Hilo dude halipigwi na mtu aliyebana miguu. Mume wangu kalipiga miaka yote amejipanua kama anakamua ng'ombe."

Brighton alicheka hadi akasahau kwamba alikuja kununa.

Mzee Castory, mwenye gitaa, hakucheka. Alikaa kwenye kochi, kichwa kimeinama upande, akiwaangalia midomo. Zamani alikuwa fundi magari na mpigaji katika kumbi za dansi, kisha kanisani. Gitaa aliachiwa na mgeni mmoja mwalimu wa useremala aliyeondoka na mizigo iliyozidi uzito.

"Mzee hasikii sawasawa," mkewe alieleza. "Sauti nene anazipata, nyembamba zimemwacha. Na mimi sauti yangu nyembamba, kwa hiyo anaishi kwa raha zake. Mwaka wa pili huu hajaligusa. Linanizibia mahali pa kuweka friji."

Evelina, kanga kiunoni, alianza kazi. Alikuwa ametazama video nyingi kiasi kwamba alijua hatua zote. Aliinama chini kuangalia kutu kwenye fimbo zinazounganisha pedeli na nyuzi. Hakukuwa na kutu, kulikuwa na grisi ya fundi magari. Alizikagua funguo za nyuzi kwa macho tu, hakuzigusa. Alitikisa miguu, ilisimama imara. Aliunganisha spika ndogo aliyokuja nayo, akasikiliza kama kuna mvumo. Haukuwapo. Kisha akakanyaga pedeli moja moja, akaachia, akakanyaga, akaachia, kwa sababu gitaa la aina hii likichoka, uzi uliovutwa haurudi mahali pake.

Mwisho akaweka simu juu ya gitaa, akafungua programu ya kupimia sauti. Mshale ukayumba, ukatulia pembeni ya mstari. Uzi uliofuata, pembeni. Mwingine ukatulia katikati ya sauti mbili, mahali ambapo hakuna jina. Alikanyaga pedeli, na sauti ikapanda hadi mahali pengine pasipo na jina.

Brighton alikohoa. Kilikuwa kikohozi cha furaha.

"Mama," alisema kwa huzuni ya kununulia, "hili limekufa. Tutalichukua kwa ajili ya vipuri tu." Akataja bei.

Mama Paskazia alimwinamia mumewe na kumpigia kelele sikioni. Mzee alimtazama Brighton, akatazama gitaa, akainua bega moja. "Wachukue," alisema.

Hapo ndipo walipotakiwa kusimama, kulipa na kulilaza kwenye godoro. Brighton alikuwa ameshasimama. Lakini Evelina alikuwa bado anakanyaga. Jambo moja lilimkera: uzi ulikuwa unakosea, ila ulikosea mahali palepale kila mara. Chombo kilichochoka hukosea kama mlevi anayerudi nyumbani, leo anaangukia kwenye ua, kesho kwenye mtaro. Hiki kilikuwa kinaangukia kitandani mwake kila siku.

Aliigeuza simu kifudifudi.

Akazidonoa nyuzi zote kutoka wa chini hadi wa juu, polepole, bila kutazama kitu. Akarudia. Mara ya tatu vidole gumba vyake viliinuka vyenyewe, na akakumbuka uani kwa bibi yake kule Bahi, babu mmoja jirani amepakata ilimba, kile kisanduku chenye ndimi za chuma, vidole gumba vinacheza, wanawake wanaitikia huku wakipepeta mpunga. Alikulia ndani ya sauti hizo. Alizisahau kwa kuangalia mshale.

"Eve," Brighton alinong'ona, "twende."

"Mzee," Evelina aliita kwa sauti nene kadiri alivyoweza. "Hili umelifunga nyuzi kwa sauti za ilimba?"

Mzee Castory alishangaa kuulizwa. "Kwani mama yangu alipiga nini?"

"Halijafa," Evelina alisema, akimwambia Mama Paskazia. "Ni zima kabisa. Bei yenu ya kwenye tangazo ndiyo bei yake."

Brighton alikaa chini tena, taratibu, kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba. "Na kinanda changu?" aliuliza. "Ukilipiga hivyo na kinanda changu, watu watadhani tunagombana."

"Nitalifunga upya."

"Basi lifunge, tuone."

Ufunguo wa kukazia nyuzi, aliokuja nao, ulikuwa mkononi mwake. Ila uzi wa kwanza alioufikia ulikuwa wa juu, uliolegea kidogo hata kwa kipimo cha mzee mwenyewe, na aliona si adabu kuuharibu kabla ya kuurekebisha. "Huu umeshuka," alimwambia.

"Wa juu siusikii," mzee alisema. "Nauona tu unatikisika."

Evelina aliuweka ufunguo chini. Hakujua kwa nini alisema alichosema; labda ni kwa sababu mwenyewe, akifanya mazoezi usiku majirani wamelala, huweka kidevu juu ya gitaa lake, sauti impitie mfupani. "Inama, mzee. Weka taya hapa kwenye mbao."

Mzee alimtazama mkewe, aone kama anataniwa. Kisha akainuka, akapiga goti kwa maumivu, akalaza taya kwenye ukingo wa gitaa. Evelina aliudonoa uzi wa juu.

Mzee alifumba macho. Aliinua kidole kimoja: panda. Evelina akauchukua ufunguo, akauzungusha kidogo. Panda tena. Kidogo. Kidole kikashuka.

"Piga," alisema, taya bado ipo kwenye mbao.

Evelina alipiga alichokikumbuka cha Bahi, vibaya, akikosea pedeli. Mzee alimpiga kofi dogo la mguuni kila alipokosea. Mama Paskazia alikuja na chai, akakuta hawamwoni, akaiweka kwenye kabati na kusimama hapo.

Ulipotulia uzi wa mwisho, mzee alijiinua akishika ukingo. "Siuzi," alisema.

"Mzee, tumekubaliana," Brighton alisema.

"Sisikii," mzee akajibu.

Mama Paskazia alimimina chai. "Friji yangu ndiyo hiyo imeondoka," alisema. "Kunyweni, wanangu, msiondoke na njaa pia."

Walirudi na godoro tupu. "Ungenyamaza," Brighton alisema walipofika lami, "saa hizi lingekuwa limelala huko nyuma."

"Najua."

"Na kurekodi?"

"Gitaa la pili lipo."

Brighton aliendelea kuendesha. Baada ya muda alitoa macho barabarani, akatazama kiti cha pembeni, akatikisa kichwa.

"Eve. Kanga ya watu hiyo."

Evelina alijitazama kiunoni. Sketi yake ya ofisi ilikuwa imebaki Nzuguni, kwenye stuli, mbele ya lile gitaa ambalo mzee mwenyewe hawezi kulipiga na kulisikia kwa wakati mmoja.

"Nitairudisha Jumamosi," alisema.