Mpaka Upande Uishe

Mume wangu Malcolm ana mashine ya santuri ambayo mimi naruhusiwa kuipangusa vumbi tu, kwa brashi laini, naye akiwa amesimama nyuma yangu. Kugusa swichi ya mwendo, ile ya haraka au polepole, marufuku. Hiyo ni kazi ya mwenyekiti. Mwenyekiti ni yeye, na chama chake hukutana sebuleni kwangu kila mwezi: wastaafu wenye mvi ndefu zilizofungwa kisogoni, wanaoshindana nani analeta muziki wa jadi ambao hakuna mwingine aliyewahi kuusikia, au ile roki ndefu wanayoiita ya maendeleo. Maendeleo yenyewe yalikoma tukiwa bado hatujaoana, lakini nani atathubutu kuwaambia.

Sheria zao ni mbili. Santuri huletwa ndani ya mfuko wa karatasi, na hata nembo ya katikati hubandikwa karatasi juu yake, ili watu wahukumu kwa masikio na siyo kwa jina. Halafu, sindano ikishashuka, hakuna kusema mpaka upande uishe. Upande mmoja wa roki yao unatosha kuoka keki. Najua, nimeshaoka.

Novemba ile ilikuwa zamu ya Trevor. Trevor alifundisha jiografia maisha yake yote, na tangu ajiunge na chama sijawahi kumsikia akimpinga Malcolm kwa lolote. Siku hiyo alikuja na dada yake, Glenys, mama mnene mpole mwenye mfuko wa kufumia. Glenys akaenda kukaa sebuleni. Trevor akanifuata jikoni.

"Pauline, usiwaambie," akaninong'oneza. "Santuri ni yetu. Gitaa ni mimi, anayeimba ni Glenys. Tuliitoa tukiwa vijana, na walioinunua ni mama yetu na mchungaji. Nataka waisikie kwanza bila kujua, waseme wenyewe. Hakuna mtu aliyewahi kumsifu Glenys isipokuwa mimi."

"Mwenyewe anajua kwamba utaipiga?"

"Anajua. Tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni."

Nikabeba chai na biskuti, nikasimama mlangoni. Malcolm alivaa glavu zake za pamba, maana vidole vya binadamu vina mafuta, akaiweka santuri kama anayelaza mtoto mchanga. Sindano ikashuka.

Ikatoka sauti nzito, ya mwanamume anayeimba kutoka chini ya kisima. Gitaa lilijikokota. Trevor akainuka nusu. "Malcolm, samahani, hiyo..."

Malcolm akainua kidole bila kufumbua macho. Trevor akakaa. Sindano za kufumia za Glenys zilikuwa zimesimama.

Upande ulipoisha, Malcolm alikuwa anafuta machozi. Siku ya harusi yetu hakulia.

"Jamani," akasema. "Huyu bwana ameteseka."

"Kafiwa huyu," akasema Keith, ambaye ndiye mtaalamu wao wa huzuni. "Hilo gitaa linafuata jeneza."

"Mchimba makaa," akasema Roy. "Mapafu ya namna hiyo nayajua, babu yangu alikuwa nayo."

Malcolm akaitangaza palepale kuwa santuri ya mwaka. Mikono ikapanda yote, isipokuwa wa Trevor.

"Haya, mwalimu," Malcolm akasema, "tuambie. Huyu bwana ni nani?"

Trevor akamgeukia dada yake. Aliyejibu ni Glenys.

"Huyo mchimba makaa ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na huo ni wimbo wa harusi. Mmeupiga kwa mwendo wa polepole. Ulitakiwa ule wa haraka, kama wa santuri ndogo."

"Santuri kubwa hupigwa polepole, bibie," Malcolm akamwambia kwa upole. "Kila mtu anajua."

"Hii haikuambiwa."

Roy akaanza kuchunguza chai yake. Mtu mwingine angecheka, angeomba radhi, yangeisha. Mume wangu akatafakari, na anapotafakari ndipo mimi huanza kuogopa.

"Basi mlikosea nyinyi mlipoirekodi," akasema. "Sisi tumeisikia ilivyopaswa kuwa. Kura imeshapigwa. Tutaandika tu kwamba ipigwe polepole."

Na wale wazee wakatikisa vichwa kukubali. Nilikasirika, nikatua sinia mezani kwa kishindo. Glenys alikuwa anarudisha sufu kwenye mfuko.

"Twende zetu, Trevor. Si nilikwambia?"

Trevor akasimama. Nilidhani anafuata makoti. Akaenda kwenye mashine, akazungusha swichi kwa vidole vyake vitupu, akaishusha sindano. Keith akaguna kama aliyeona askofu akipigwa kofi.

Safari hii akatoka msichana. Sauti nyepesi, ya mtu anayeshuka ngazi mbio kwa sababu anajua nani yuko mlangoni. Mahali fulani ulimi ulimteleza, akacheka, akaendelea kuimba, na hawakukifuta kile kicheko.

Malcolm alivumilia ubeti mmoja. "Mnasikia? Uzito wote umepotea. Ile huzuni ya..."

"Malcolm," akasema Trevor, bila kugeuka. "Hatusemi mpaka upande uishe."

Malcolm akafunga mdomo. Miaka yote ya ndoa nimeitafuta sentensi hiyo, kumbe tulikuwa nayo nyumbani.

Upande uliisha mapema, kama nyimbo za furaha zinavyoisha. Glenys hakuwatazama wale wazee; alikuwa anaitazama mashine.

"Kumbe nilikuwa naweza," akasema.

"Ulikuwa unaweza," Trevor akamjibu.

Malcolm akanyoosha mkono wenye glavu aitoe santuri.

"Iache hapo," nikamwambia. "Geuza upande wa pili. Na mwendo usiuguse."

Akageuza. Nikakaa kwenye kiti cha mwenyekiti, karibu na Glenys, nikampa sahani nzima ya biskuti, na safari hii akala.