Wasomi wa Zama za Mwisho

Jumuiya yetu ya Kiuyu ilikuwa na mlezi, mlezi msaidizi na msemaji kabla haijawa na msomaji hata mmoja. Mwenyekiti wetu, Ustadh Hafidh, aliyekwenda Dar akarudi na miwani, alikuwa na neno lake: "Kwanza tujenge taasisi. Kusoma kutafuata, kama mkia."

Mie nilikuwa na kurasa zangu mbili. Nilizianza darasa la jioni, nikazimaliza huku nanyonyesha. Zilihusu zile karne jumuiya iliundwa kuzisoma: Roma inazeeka, Aksum ya Uhabeshi inapiga sarafu zake, Mtume wetu (s.a.w.) bado hajazaliwa. Niliuliza jambo moja tu: dola ikianguka, watu wa kawaida hufanya nini? Nilitaka mtu azisikie, basi. Mkutano wa kwanza tukajadili rangi ya fulana. Wa pili, nani hastahili fulana. Nikiinua mkono, Ustadh huniambia, "Bi Saada, mwanao analia." Hata kama kalala.

Jina tulilipigania mpaka likapatikana: Jumuiya ya Wasomi wa Zama za Kale za Mwisho. Masoud, mwandika mabango, akaanza kwa herufi kubwa za madaha, kitambaa kikamwishia. Akaondoa "za Kale".

"Limebaki la maana," alisema.

Siku ya uzinduzi, baada ya alasiri, ukumbi wa madrasa ulifurika. Watu walivuka kutoka Kojani. Bi Mwanamize, jirani yangu, alikuja na sanda mkobani, kwa tahadhari.

Ustadh akakohoa. "Zama za kale, ndugu zangu..."

"Hizo zishapita," mtu wa nyuma akamkata. "Tuambie zinazokuja. Dajjali kafika wapi?"

"Na huku kukatika umeme, ni dalili?"

"Na mkwe wangu je?" akauliza mwengine, watu wakacheka.

Nikajua atawasahihisha. Nilikwisha simama, kurasa mkononi, mwanangu Nahla kiunoni. Ustadh akautazama ukumbi. Hajapata kusikilizwa na watu kuzidi kamati yake. Akavua miwani, akaifuta taratibu.

"Dalili," akasema, "ni nyingi."

Alizitaja mpaka jua likaegemea. Mlezi alilia. Fulana zikagombaniwa, na tawi la Chokocho likatangazwa papo hapo.

Nilimvizia mlangoni. "Ustadh, na kurasa zangu?"

"Bi Saada, watu wanaulizia mwisho wao. Wewe unawaletea Warumi?"

Nikakaa barazani kumbadilisha Nahla nepi. Bi Mwanamize naye kabaki. Kiatu chake kimoja kimeondoka na mtu.

"Karatasi gani hizo, mwanangu?"

"Za watu waliodhani dunia yao imekwisha, bibi."

"Ikaisha?"

"Haikwisha."

Akaweka mkoba wa sanda chini, akakunja miguu. "Hebu nsomee. Kiatu hakirudi leo."

Nikasoma. Sijafika mbali, akaninyooshea kidole. "Ngoja. Sultani wao kaanguka, soko limefungwa. Jioni wakipika nini?"

Nikageuza karatasi, nikageuza tena. Sikuwa nimeandika. Sikuwa hata nimejiuliza.

"Sijui, bibi."

"Basi katafute." Akampokea Nahla mapajani. "Alhamisi ntakuja nisikie. Na lile bango lao lishushwe, kitambaa kizuri kile. Tumkatie mtoto nepi."