Maranda ya Shemeji

Kila asubuhi, kabla Fundi hajawasha msumeno, Mama Kuku alikuwa ameshafagia karakana yake. Hakuna aliyemwajiri. Fundi alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, karakana yake ya useremala ilipakana ukuta na banda la kuku la mama huyo, na wawili hao waliishi kwa nipe nikupe: mama anafagia na kuondoka na maranda yote ya mbao ya kutandika bandani, Fundi anabaki na sakafu safi na mayai ya watoto. Kuku walilala pakavu. Vumbi halikuganda kwenye vanishi. Miaka ikaenda.

Aliyechokonoa mambo ni Mpaka Rangi, kibarua wa mle karakanani, mtu asiyejua mzaha unapoishia.

"Fundi, wewe unaranda mbao, mwenzako ananenepesha kuku. Banda linapanuka kule! Wewe umepanuka nini, zaidi ya kibiongo?"

Fundi alicheka, lakini neno lilimwingia likakaa. Kesho yake Mama Kuku alimkuta ameyakalia magunia ya maranda, Mpaka Rangi akikoroga vanishi pembeni.

"Shemeji, tuongee. Kuanzia leo nusu ya kuku ni wangu."

"Nusu! Umeota, au umeamka nayo?"

"Bila maranda yangu utafugia matopeni?"

Ilikuwa kweli. Vifaranga wapya walikuwa wameingia juzi, mvua zimeanza, na sakafu ya banda inavuja maji kwa chini. Mama Kuku alikuwa tayari kumwongezea Fundi mayai, hata mbolea ya bustani ya mkewe. Lakini alikuwa ameuza mboga sokoni nusu ya maisha yake, na sokoni mnunuzi haonyeshi njaa. Kitu unachokitaka, unakiponda kwanza.

Akabetua mdomo. "Maranda gani? Takataka hizi? Mimi ndiye ninayekusaidia kuzitupa. Nikiacha, utazikwa nazo."

Akangoja Fundi ashuke bei. Angesema robo, naye angetaja mbolea, wangecheka, yangeisha. Fundi hakushuka. Yeye hakuwa mtu wa kupatana bei. Alikuwa mtu wa kuranda, na jasho lake lilikuwa limeitwa takataka na mke wa kaka yake, mbele ya kibarua.

"Sawa," alisema taratibu. "Takataka."

Mama Kuku aliuacha ufagio wake palepale makusudi, uwe kisingizio cha mmoja wao kumfuata mwenzake. Hakufuatwa. Mvua ikanyesha mfululizo. Alitandika magazeti, yakalowa. Akatandika mashuka ya zamani, nayo yakalowa. Vifaranga walijikunyata pembeni wakipandana, na kila alfajiri aliokota waliokwisha kuwa baridi. Ng'ambo ya ukuta alimsikia Mpaka Rangi akikohoa.

"Fundi, hili kabati la bibi harusi limekuwa ngozi ya kenge! Vumbi lote limenasa kwenye vanishi."

"Piga msasa. Anza upya."

Mvua ilipokatika, Mama Kuku aliamua. Aibu haijaua mtu, na vifaranga wanakufa. Alibeba trei ya mayai, na njiani akajizoeza maneno aliyokuwa hajawahi kuyasema sokoni: nayahitaji, shemeji, na wewe unanihitaji.

Moshi ulimpokea kabla hajafika. Nyuma ya karakana, Fundi alikuwa akimimina motoni gunia la mwisho. Maranda makavu, laini, yaliwaka mara moja. Majivu yalipaa, yakageuka na upepo, yakaanza kutua kwenye kabati lililotoka kupakwa upya na kuanikwa nje.

"Shemeji," aliita.

Fundi hakugeuka. "Si takataka? Takataka huchomwa."

Alipomtazama hatimaye, macho yake yalikuwa mekundu. Akaiona trei.

"Vifaranga?"

"Wamebaki wa kuhesabu kwa vidole."

Fundi akatazama ufagio kupitia mlango wa nyuma, bado umeegemea ukutani pale ulipoachwa.

"Nilidhani utarudi kuuchukua," alisema.

"Mimi nilidhani utaniletea."