Salongo ya Munavu wa Pori

Kule Musienene, ukitaka kujua nani ameposwa na nani amerudi kutoka Beni na godoro jipya, usijisumbue kwenda sokoni. Kaa kidogo kwa Mama Florentine. Mlango wake haufungwi, chungu cha maharagi hakishuki motoni, na viti vikipungua anaazima kwa majirani. Majirani wote, isipokuwa Berthe.

Berthe ni mjane, anakaa ng'ambo ya kijito, na uwanja wake haufyekwi. Miti ya zamani, magugu, kamba za pori mpaka dirishani. Florentine ndiye aliyempatia jina la Mama Musitu, siku moja ya kucheka, na jina likashika kama utomvu kwenye nguo. Hata watoto wakitumwa kwake walisema, naenda kwa Mama Musitu.

Sasa Bénie, binti ya Florentine, anasomea mimea kule Butembo. Likizo iliyopita aliteremka bondeni nyuma ya nyumba yao, akarudi mbio na matope magotini: ameona munavu wa pori. Si ule tunaopika na karanga. Huu unapanda juu ya miti kama kamba, una miiba midogo, maua ya zambarau na matunda mekundu kama pilipili. Unaishi tu penye kivuli na udongo usiokauka, karibu na maji. Upande wa Beni ulikuwako zamani, mashamba ya kakao yakala kivuli chake. Huku kwetu mikaratusi ikanywa maji yake. Mwalimu wa Bénie, professeur Kambere, alikuwa ameutafuta miaka mingi, akaanza kuamini kwamba umekwisha. Kama kweli bado uko, utaandikwa kati ya mimea inayokaribia kupotea, bonde litaombewa ulinzi, na kazi ya Bénie ya kumalizia masomo itakuwa imepata miguu. Bila huo munavu, hana kazi ya kuonyesha.

Bénie akapiga simu: Prof anakuja Jumatatu, anataka kuuona kwa macho yake, pale pale unapoishi.

Katika maneno yote hayo, Florentine alisikia moja: mgeni.

Na kwetu mgeni hakuti majani. Iwe harusi, iwe kilio, iwe askofu anapita tu barabarani, jambo la kwanza ni jembe. Jumamosi Florentine akaita salongo, kazi ya pamoja, na akina mama wa shirika wakaja wote na majembe na mapanga, wakiimba. Walifyeka bonde mpaka likawa kama kichwa cha mtoto wa shule. Matawi yaliyofunika kijito wakayakata, ili Prof apate mwangaza wa kuangalia vizuri. Takataka wakachoma. Munavu wenyewe hawakuutupa, hapana! Florentine aliung'oa kwa heshima, akaupanda mstari mmoja kando ya njia, akazungusha mawe yaliyopakwa chokaa. Kila mtu alisema kunapendeza kama parokiani.

Ikabaki aibu moja tu: uwanja wa Berthe, pale ng'ambo, mbele ya macho ya mgeni. Florentine akatundika bâche zima, turubai la bluu, kwenye miti, kama ukuta. Akifunga kamba, tawi moja lenye matunda mekundu likaning'inia juu ya bâche. Akalisukuma lirudi ndani.

"Rudia kwa mama yako," alisema, na akina mama wakacheka sana.

Jumatatu Prof akafika na Bénie kwa pikipiki mbili. Nyumba ilikuwa imejaa, wali unanukia, sungura yuko kwenye mafuta. Lakini Bénie hakuingia hata kusalimia. Alisimama juu ya bonde, mkono mdomoni. Jua lilikuwa linapiga mpaka chini kwenye kijito, udongo umepasuka. Kando ya njia, kati ya mawe meupe, munavu ulikuwa umelala mstari mzima, mweusi, kama mboga iliyosahauliwa juani.

Prof akachuchumaa, akavuta shina moja. Likatoka bila mzizi kushika. Akauliza polepole nani alisafisha hapa.

Akina mama wote wakaangalia miguu yao. Florentine akainama kunyoosha jiwe moja la chokaa.

"Ni mimi, Prof," Bénie akasema. "Sikueleza bamama vizuri. Kosa ni yangu."

Prof hakugomba. Alisema tu kwamba hawezi kuandika mumea wa kupandwa, tena uliokufa. Alikuja kuona fasi, mahali pale unapoishi. Akaomba radhi kwa chakula, njia ni mbaya na mvua inakuja. Labda mwaka mwingine; kwa sasa Bénie atafute kazi nyingine ya kuandika. Bénie akaitika ndiyo.

Florentine alitamani nyumba yake iwe tupu siku hiyo, hata paka asiwemo. Macho yake yakaenda ng'ambo, kwenye lile bâche. Tawi lilikuwa limerudi juu, na matunda yake mekundu. Angeweza kunyamaza, amwambie Bénie jioni, wawili tu. Lakini pikipiki ilikuwa tayari inawashwa.

"Prof, ngojeni," akasema. "Mutoto anadanganya. Ni mimi niliita salongo. Na iko fasi ingine. Nilificha."

Akavuka kijito mbele ya watu wote, akafungua kamba zake mwenyewe. Bâche likaanguka. Nyuma yake Berthe alikuwa ameketi kwenye kigogo, anamenya viazi. Alikuwa pale Jumamosi vilevile. Alisikia kila kicheko.

"Karibu, Mama Florentine," akasema. "Muangalie fasi munakanyaga, kuko buchafu."

Ndani kulikuwa baridi na unyevu. Munavu ulikuwa umepanda mti mzee mpaka juu, wenye maua na matunda, na michipukizi midogo chini. Si mwingi, Prof alisema, haufiki hata kujaza uwanja, na kwa hiyo uko hatarini zaidi kuliko alivyofikiri. Lakini uko. Bénie akageuka, akalia akiutazama mti.

Prof akamwuliza Berthe kwa nini hakuwahi kufyeka. Alingoja jibu la hekima, daftari wazi.

"Miguu inaniuma tangu bwana alikufa," Berthe akasema. "Na salongo yangu, nani angekuya?"

Florentine akarudi nyumbani, akabeba chungu na sahani mwenyewe, akaandalia watu pale pale chini ya mti, akaketi kwenye majani. Mtoto mmoja akamnawisha Berthe mikono: maji ndiyo haya, Mama Musitu.

Prof akatabasamu. "Mama Musitu? Ile ni jina ya heshima kabisa. Nani alikupatia?"

Berthe aliendelea kunawa. Akina mama wakaangalia sahani.

"Ni mimi," Florentine akasema, na wali ukamkaa mkononi.