Mtani Aliyelala Mbele ya Jeneza

Tangu Jumanne ile, Koplo Restuta hakuweza kukaa kitini dakika tano. Akikaa anainuka, akiinuka anatafuta cha kufanya. Ijumaa asubuhi alifagia uwanja wa kituo mara mbili, kazi isiyo yake, mpaka mahabusu wakaanza kumwonea huruma. Na mji mzima ulikuwa ukimsifu. Hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Mambo yalikuwa hivi. Jumamosi mchana, Gerson, muuza zabibu wa Nkuhungu, alikamatwa kwa kung'ang'ania baiskeli yake na tenga lake polisi walipotaka kumnyang'anya. Aliingia kituo kidogo akiwa mzima wa afya, akitukana kwa sauti. Jumatatu akafia hospitalini. Taarifa ya kituo ikasema aliteleza kwenye ngazi. Kituo chenyewe hakina ngazi hata moja. Kina kizingiti cha saruji ambacho kifaranga anakivuka bila kufikiri. Lakini karatasi ikishagongwa muhuri, nani atainama kupima kizingiti?

Nduguze walipima. Jumanne, badala ya kwenda makaburini, walilileta jeneza kituoni, watu kama mia mbili, wanawake wakilia mbele na vijana nyuma wakiwa na mawe mikononi. Inspekta Ludovick, mkuu wa kituo, aliwapanga askari sita wenye mabomu ya machozi na kunyanyua mkono. Kila mtu pale alijua mkono ule ukishuka kitakachofuata ni nini.

Restuta akatoka. Alivua kofia, akatembea hadi katikati ya barabara, akajilaza chali juu ya vumbi, na kombati zake, hatua tatu mbele ya jeneza.

"Mbukwenyi, Wagogo!" alipaza sauti, akiwasalimu kwa Kigogo. "Hapa hapiti mtu! Mimi Mhehe wa Kilolo, nina msiba tangu asubuhi na hamjanipa hata mguu wa kuku. Mnazika bila mtani, nyie?"

Wahehe na Wagogo ni watani, na mtani akilala mbele ya maiti hakanyagwi wala harukwi. Analipwa kwanza. Waliobeba jeneza wakasimama, wakatazamana. Kutoka nyuma mtu mmoja akamrushia ile dhihaka ya kale ya Wahehe, "Mla mbwa leo kakumbuka kuku!" na kicheko kikawatoka watu bila kupenda, huku machozi yanawatiririka. Mawe mawili matatu yakadondoka chini. Ndipo Tereza, mama yake marehemu, alipofungua khanga aliyojitanda, akamfunika nayo askari yule pale chini.

"Umelipwa, mtani," alisema. "Inuka. Twende tukazike."

Halikurushwa bomu wala jiwe. Jeneza likageuzwa.

Basi video ya Restuta akiwa chini ikaingia kwenye simu, na midomo ikafunguka. Redio ilijadili siku mbili mfululizo. Wanaotaka polisi wazungumze na watu na wanaotaka polisi wapige watu, wote walipata cha kusemea. Bwana mmoja alipiga simu kutoka Chemba akasema koplo huyo angelala hivyo mnadani kwao angekanyagwa na ng'ombe, na ng'ombe hawajui utani. Mwingine, mwenye sauti ya ofisini, akasema hii yote ni ishu ya mafunzo. Walibishana mpaka wakakaukiwa mate. Gerson alikufaje, hakuna aliyeuliza.

Restuta alijua. Jumamosi ile alikuwa zamu. Alikuwa amemshika Gerson mkono wa kulia wakati Koplo Brighton, rafiki yake, ambaye Restuta ni mama wa ubatizo wa mtoto wake, alipompiga kwa kirungu kisogoni. Gerson alikuwa na pingu. Brighton alipiga mara mbili, na kati ya pigo la kwanza na la pili palikuwa na nafasi, si kubwa, ya kutosha kusema, "Brighton, acha." Mwanamke aliyesimamisha watu mia mbili kwa maneno hakuyasema hayo mawili. Halafu akatia saini karatasi ya ngazi.

Alimfuata Inspekta ofisini kwake Alhamisi.

"Afande, kuhusu marehemu..."

"Marehemu ana taarifa yake, imefungwa," Ludovick alimkata. "Wewe kesho una mdahalo wa polisi na raia pale chuoni. Waeleze ulivyotumia busara badala ya nguvu. Majina ya kupandishwa vyeo yanaondoka mwisho wa mwezi, Restuta. Usiniharibie, na usijiharibie."

Ukumbi Ijumaa alasiri ulijaa wanachuo, watumishi na wazee wa mitaa. Restuta alikwenda msalani mara mbili kabla ya kuitwa. Alizungumza sentensi nne tu, akapigiwa makofi mengi kuliko alivyoweza kuyavumilia. Ludovick, safu ya mbele, alipiga kuliko wote.

Kisha yakaja maswali, na kwenye safu ya tatu akasimama Tereza. Restuta aliwahi kumsalimia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mtani." Tereza hakukitaka kipaza sauti. "Mimi sikusoma, nauliza ya msibani tu. Mtani akishalipwa anafanya kazi. Anachota maji, anasonga ugali, anakaa na wafiwa. Mimi nilikulipa. Tumekaa tanga siku tatu, nakutazamia mlangoni. Mbona hukuja?"

"Mama, tujikite kwenye mada," alisema mwenyekiti kwa upole.

"Mwache anijibu."

Kazi zilinibana, mama. Jibu lilikuwa tayari mdomoni, na Mungu anajua wangelikubali. Restuta alimtazama Ludovick. Inspekta alitikisa kichwa kidogo, kushoto, kulia. Akamfikiria Brighton, akamfikiria yule mtoto aliyemshika juu ya maji ya ubatizo.

"Niliona aibu," alisema.

"Aibu ya nini?"

"Gerson hakuanguka. Alipigwa kichwani kwa kirungu, mara mbili, akiwa na pingu. Aliyempiga ni Koplo Brighton. Aliyemshika ni mimi." "Ningeweza kusema acha. Sikusema. Na nikaandika uongo."

Ludovick alikuwa tayari amesimama akiamuru kipaza sauti kizimwe, nacho kikazimwa. Haikusaidia kitu, kwa kuwa ukumbi ulikuwa kimya kabisa na simu zaidi ya hamsini zilikuwa zimenyanyuliwa juu.

Tereza alikaa. Akainuka tena, akashikilia kiti cha mbele yake kwa mikono miwili. Mwanachuo mmoja alitaka kumshika bega, akamwondoa mkono.

"Siku ile ulipolala barabarani," alimwambia Restuta, "ningejua, ningekukanyaga."

"Ndiyo, mama," Restuta aliitikia. "Ilikuwa saa nane na robo mchana, chumba cha nyuma." Akaendelea, taratibu, ili wanaoandika wapate kuandika.