Sakafu ya Nahodha

Fundi Nyoosha alipewa jina hilo kwa sababu hajawahi kuona kitu kimepinda akakiacha. Basi wenye bweni la mabaharia walipomwita awanyooshee sakafu, alianza, kwa heshima, na chumba cha Nahodha, mzee aliyekuwa mpishi wa meli maisha yake yote ila hakuna aliyethubutu kumwita mpishi. Sakafu ya mbao ilikuwa imeinama vidole vinne, kutoka mlangoni kwenda dirishani. Fundi akapigilia kabari chini ya mbao, akaweka pima maji, kipovu kikatulia katikati. Alitabasamu kutwa nzima.

Siku ya sita Mama Bweni, mtunza nyumba ambaye habari hazilali kwake, akampasha. Tangu sakafu inyooke, Nahodha hajapata hata lepe la usingizi. Anakaa kitandani kakodoa macho, na chakula anakirudisha kama kilivyokwenda. Sasa binti yake kaja, anafunga mizigo ampeleke kwake bara, mwendo wa siku nzima kutoka baharini.

"Chumba umekitengeneza, mwanangu, sikatai," alisema. "Ila mzee umemshusha melini."

Fundi akacheka. Kisha kicheko kikamkauka. Akaingia chumba cha jirani, ambacho hakijaguswa, akajilaza na viatu vyake, miguu ikielekea dirishani kama vitanda vyote vya nyumba ile. Dirisha lilikuwa la duara, limezama kwenye ukuta mnene, na mwanga wa maji ulipanda hadi darini ukawa unatembea polepole. Korido nyembamba ilipokea mvumo wa bahari, ikaupeleka mlango hadi mlango. Dari likapumua. Kitanda kikang'oa nanga bila kumuuliza, na fundi akaenda nacho, mbali, asijue kama ni dakika moja au kumi. Alipozinduka alijua kwamba mjenzi wa kale hakukosea hata kidole kimoja.

Akachukua nyundo, akarudi chumbani kwa Nahodha.

"Dada, nipe nusu saa," alimwambia binti wa mzee.

"Ya nini? Baba umeshatumalizia," binti akajibu, anakunja shati.

Fundi akapiga magoti, akaanza kuzing'oa kabari zake mwenyewe. Wakazi wakajazana mlangoni. Mmoja akauliza kama kuanzia leo wamwite Fundi Pindisha. Wenye bweni, fundi alisema, ataongea nao mwenyewe. Kila kabari ilipotoka, mbao zilishusha pumzi. Nahodha alisimama koridoni kakumbatia mto wake.

Ya mwisho ilipotoka, mzee akavuka kizingiti pekupeku, miguu kaitanua kidogo, kama mtu aliyesimama juu ya kitu kinachokwenda. Akalala. Mlangoni wakazi walikuwa wanabishana nani alikuwa wa kwanza kujua kwamba tatizo ni sakafu, mpaka binti akawanyamazisha kwa mkono.

Mzee alikuwa anakoroma.

Binti alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akalifungua begi, akaanza kurudisha mashati kabatini, moja moja, asimwamshe.

"Nitakuwa nakuja mimi," alimnong'oneza Mama Bweni.