Sumu Iliyoitwa Changamoto

Dk. Rebeka Ngasa, mwenzangu katika idara ya kemia, alipima maji ya kisima cha kijiji kimoja cha wachimbaji huko Geita, akakuta zebaki nyingi kupita kiasi. Profesa Kitwala, mkuu wetu wa kitivo, alituita ofisini. Kwenye ripoti ya Rebeka, palipoandikwa "sumu" alikuwa ameandika "changamoto" kwa kalamu nyekundu. Jina la kijiji alikuwa amelifuta.

"Uhuru wa kitaaluma una wajibu wake, Daktari," alisema. "Mgodi wa pale ndio unaotujengea maabara."

"Kwa hiyo wale kinamama wanywe changamoto?" Rebeka aliuliza.

Mimi nilitazama viatu vyangu.

Jumamosi Rebeka alipanda basi, akawasomea wanakijiji matokeo yote kwa Kisukuma. Siku hiyohiyo waliziba kisima kwa miiba.

Chuo hakikumwongezea mkataba. Kitwala aliteuliwa mwenyekiti wa kamati ya maadili ya utafiti, na katika hotuba yake alituasa tuseme ukweli bila woga. Ukumbi mzima wa wasomi ulisimama kumpigia makofi. Nami nilisimama, nikapiga kwa nguvu ili anione.